Modemu, PPP na faili chache: namna ya kuunganisha ordinatere ya zamani ya Linux na intaneti

Redio nyingi za jamii katika Maniema ziko na ordinatere moja ao mbili za zamani. Zilitumika kwanza fasi ingine, kisha zikatufikia kama zawadi. Nyingi ziko na kumbukumbu ya mega 512 tu, na Windows XP ambayo Microsoft iliacha kuitunza tangu tarehe 8 Aprili 2014. Virusi vinaingia kupitia flashi za wageni, mashini inakuwa nzito, mwishowe inafunikwa na kitambaa na kugeuka meza ya kuwekea termosi.

Wengine wetu tuliamua kuweka Linux ndani ya mashini hizo. Kuiweka si kazi ngumu, mtu mwenye subira anamaliza kwa nusu siku ikiwa jenereta haizimike. Shida inaanza siku ya kuunganisha intaneti. Kle ya modemu inauzwa pamoja na programu ya Windows. Kwa Linux ya zamani, ile programu haisaidie kitu, na kidirisha cha kubonyeza mara hakiko, mara kiko lakini kinachosha mashini. Kunabaki faili za maandishi, ao fishie kama tunavyosema hapa. Na mara nyingi ni mtu mmoja tu katika redio nzima anayejua faili hizo ziko wapi.

Redio moja ya teritware, sitaitaja, ilipoteza mtu huyo. Alipata kazi Kisangani, akaenda, na hakuna aliyemlaumu. Siku chache nyuma, kle iliharibika, wakanunua ingine, na mashini ikakataa kuungana. Kwa wiki tatu habari zao zilikuja Kindu juu ya pikipiki, ndani ya flashi. Tangazo moja la chanjo ya surua lililotumwa kwao kwa imeli lilisomwa siku mbili kisha chanjo kupita. Tulipofika kuangalia, tulikuta mstari mmoja tu ndani ya faili moja ndio ulikuwa mbaya: kle ya pili ilikuwa ya kampuni ingine ya simu, na jina la kampuni ya kwanza lilikuwa limebaki ndani. Kurekebisha kulichukua dakika moja. Juu ya hiyo tumeandika ukurasa huu.

Modemu isiyokuwa na waya

Mbele ya kufungua faili, ni muzuri kuelewa kitu gani mashini inaamini kwamba inafanya. Katika inchi zilizokuwa na waya za simu hadi nyumbani, mtu wa miaka ya 1990 aliunganisha ordinatere na waya huo kwa modemu. Modemu ilipiga namba ya kampuni ya intaneti, ikalia kama panya aliyebanwa mlangoni, kisha mashini mbili zikaongea. Mwendo wa juu kabisa wa njia hiyo ulikuwa kilobiti 56 kwa sekunde.

Hapa kwetu njia hiyo haikupita. Waya za OCPT zilikuwa zimekwisha kuchoka mbele intaneti haijafika. Kongo ilirukia simu isiyo na waya mapema sana: Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, wakati ule simu ilikuwa kubwa kama tofali na ya matajiri. Kwa mikoa ya ndani, mawasiliano yalibaki foni: misheni, hospitali, maofisi ya zone za afya, kila mmoja na saa yake ya kuita. Tena foni ile iliweza kubeba imeli. Uganda kampuni ya Bushnet ilifanya biashara ya kutuma imeli kwa njia ya foni, na kule Guinée mwanzoni mwa miaka ya 2000 maofisi ya shirika la IRC yalituma barua zao kwa foni, na mashini zilizofanya kazi hiyo zilikuwa za Linux. Polepole sana, lakini barua zilifika.

Kisha vita, simu za mkononi zikaingia, na pamoja nazo kle ya USB yenye kadi SIM ndani. Watu wengi wanafikiri kle hiyo ni kitu kipya kabisa. Kwa upande wa ordinatere si hivyo. Kle inajifanya kuwa modemu ya simu ya zamani. Inasikia amri zilezile zinazoanza na herufi AT, ambazo kampuni ya Hayes ya Marekani ilizitoa mwaka 1981. Inapokea amri ya kupiga namba. Namba yenyewe ni *99# na haiite mtu yeyote: ni alama tu ya kuambia kle ifungue njia ya data. Kisha mashini na kle zinaongea kwa kanuni inayoitwa PPP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1994 kwa ajili ya waya za simu. Kwa hiyo vitabu vya zamani vya kuunganisha Linux kwa simu, ambavyo wengine wanavitupa, bado vinafaa Kindu leo. Ukiviona, viokote.

Mbele ya kuandika chochote

Toa kadi SIM, itie katika simu ya kawaida. Hakikisha iko na mega, hakikisha intaneti inafunguka, kisha ondoa namba ya siri ya PIN. Usiache PIN ili uiandike ndani ya faili. Ukikosea mara tatu kadi inafungwa, inaomba PUK, na karatasi ya PUK hakuna anayejua iko wapi.

Palepale kwa simu, angalia jina la APN. Ni jina la mlango wa intaneti wa kampuni yako, na Vodacom, Airtel na Orange kila moja iko na lake. Simu inaonyesha jina hilo katika mipangilio ya data. Liandike kwenye karatasi vile lilivyo, herufi kwa herufi. Usikubali jina la kuambiwa na rafiki wa mji mwingine.

Sasa ingiza kle kwenye ordinatere na uandike amri hii:

ls /dev/ttyUSB*

Ukiona ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2, ni vema. Kle moja inafungua milango miwili ao mitatu. Mmoja ni wa data, ingine ni ya habari kama nguvu ya rezo. Mara nyingi wa data ni ttyUSB0, lakini si kila mara. Usipoona kitu, sababu ya kawaida ni hii: kle inapoingia inajionyesha kwanza kama CD yenye programu ya Windows, na Linux inaiona kama CD. Programu ndogo ya usb_modeswitch njo inaigeuza kuwa modemu. Kama haiko ndani ya mashini, itafute kwa kutumia mashini ingine yenye intaneti na uilete kwa flashi. Hakuna njia ya mkato hapa.

Mtumiaji naye anahitaji ruhusa. Kama wewe si root, yaani mkubwa wa mashini, root akuingize katika makundi mawili, dialout na dip, kisha utoke na uingie upya. Wengi wanasahau kutoka na kuingia, halafu wanafikiri ruhusa haikukubali.

Faili ya mazungumzo

Yote tunayoeleza ni kwa Debian na ndugu zake. Faili ya kwanza inakaa katika /etc/chatscripts. Tuipe jina redio. Ndani yake kuna mazungumzo kati ya mashini na modemu: nikisikia hiki, ninajibu kile.

ABORT "BUSY"
ABORT "NO CARRIER"
ABORT "ERROR"
TIMEOUT 30
"" AT
OK ATZ
OK 'AT+CGDCONT=1,"IP","jina-la-apn"'
OK ATD*99#
CONNECT ""

Soma kama watu wawili wanaoongea. Mistari ya ABORT inasema: ukisikia neno hili, acha kazi. TIMEOUT inasema usingoje zaidi ya sekunde 30. Kisha kila mstari uko na pande mbili, kushoto ni neno la kungojea, kuume ni neno la kutuma. Alama mbili za kunukuu zisizo na kitu kati yake zinamaanisha usingoje kitu. Mashini inatuma AT, modemu inajibu OK. Mashini inatuma ATZ, maana yake sahau mambo ya jana, modemu inajibu OK. Kisha jina la APN, kisha kupiga namba, na modemu ikisema CONNECT kazi ya faili hii imekwisha.

Mstari wa APN njo unaua watu. Ndani yake muna alama za kunukuu, kwa hiyo mstari wote wa kutuma unafungwa ndani ya apostrofi, moja mwanzo na moja mwisho. Ukiziondoa, programu inakula alama za ndani, modemu inapokea amri mbovu na inajibu ERROR. Tena ukiandika faili hii kwa programu ya kuandikia barua, kama Word ao LibreOffice, apostrofi zinapindishwa kuwa nzuri kwa macho na mbaya kwa mashini. Andika kwa nano, na hakuna kingine.

Kle zingine hazipendi *99# na zinataka *99***1#. Ile 1 ya mwisho ni ileile 1 inayofuata CGDCONT. Ukibadilisha moja, badilisha na nyingine.

Faili ya mwenzake

Faili ya pili inakaa katika /etc/ppp/peers, nayo tuiite redio. Hii inasomwa na pppd, programu inayobeba PPP.

/dev/ttyUSB0
115200
connect "/usr/sbin/chat -v -f /etc/chatscripts/redio"
noauth
noipdefault
defaultroute
usepeerdns
persist
maxfail 3

Mstari wa kwanza ni mlango, wa pili ni mwendo wa kuongea na mlango huo. Ile 115200 haina uhusiano na mwendo wa intaneti yako, kwa hiyo usiiongeze ukitumaini kupata haraka. Wa tatu unaita faili ya mazungumzo, na alama -v inaagiza kila neno liandikwe katika daftari la mashini. Usiiondoe kamwe. Bila hiyo, siku ya shida utakuwa kipofu.

noauth inaogopesha watu wa usalama juu ya jina lake, lakini inamaanisha tu kwamba sisi hatuombe kampuni ya simu ijitambulishe kwetu. Kampuni haitafanya hivyo hata tukiomba. noipdefault inasema anwani tutapewa na kampuni. maxfail 3 ni ya uchumi: ikishindwa mara tatu, iache, isibaki inajaribu usiku mzima na kumaliza batri ya pano.

defaultroute inastahili neno zaidi. Inasema: safari zote za intaneti zipite hapa. Lakini kama mashini iko na waya wa rezo ya ndani, ule unaounganisha studio na chumba cha montaji, inawezekana njia ingine imekwisha kuwekwa. Hapo pppd inaungana vizuri, inapata anwani, na hakuna ukurasa unaofunguka. Ndani ya daftari itaandika kwamba haibadilishe njia iliyokuwepo. Kuna maneno mawili ya kufanya: toa waya mbele ya kuungana, ao uandike replacedefaultroute chini ya defaultroute. Kwetu tunatoa waya, ni rahisi kueleza kwa wageni.

Kuhusu jina na neno la siri, kampuni nyingi za simu zinakubali chochote, juu kadi SIM yenyewe inatosha kukutambulisha. Zinazodai zinaandikwa katika /etc/ppp/pap-secrets, mstari mmoja: jina, nyota, neno la siri, na jina hilohilo linaongezwa katika faili ya peers kwa neno user. Faili hiyo isomwe na root tu, kwa amri chmod 600.

Kuungana, na kusoma daftari

Kuungana ni pon redio. Kutoka ni poff redio. Mara ya kwanza, fungua dirisha la pili na uandike:

tail -f /var/log/syslog

Hapo utaona mazungumzo yote yakipita. Ikienda vizuri, mwishoni kunatokea mistari miwili ya anwani, ya kwako na ya upande wa pili. Usishtuke ukiona upande wa pili ni 10.64.64.64 na onyo kidogo mbele yake. Kampuni haikutoa anwani yake, pppd ikajichagulia moja. Si kosa, na kuna mafundi waliopoteza siku nzima wakiifuata.

Isipoenda vizuri, neno la mwisho mbele ya kukatika njo linasema ukweli. NO CARRIER kwa kawaida ni rezo hakuna, mega zimekwisha, ao APN si ya kampuni hiyo. Hii njo ilikuwa hali ya ile redio ya teritware. ERROR ni amri mbovu, rudi kwenye apostrofi. Ukiona CONNECT, kisha LCP inalalamika kwamba inatuma maombi na hakuna anayejibu, mazungumzo ya kwanza yalipita lakini mwenzako haongei PPP. Jaribu ttyUSB1 ao ttyUSB2.

Na kama yote yanaonekana kuwa sawa lakini kivinjari hakifungue kitu, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, njia iko wazi, kinachokosekana ni majina. Angalia /etc/resolv.conf. Neno usepeerdns lilipaswa kuweka mule anwani za kampuni. Kama faili ni tupu, andika kwa mkono nameserver 8.8.8.8 na uendelee na kazi.

Shida zinazotoka nje ya faili

Fundi wa mjini mkubwa angesimama hapo. Hapa kwetu kuna mambo mengine, na yanachukua muda zaidi kuliko faili.

Nyumba nyingi za redio ziko chini ya mabati. Kle ikibaki nyuma ya ordinatere, karibu na ukuta, rezo inakufa. Tumia ralonji ya USB na uisogeze dirishani, ao uifunge juu ya fito nje chini ya ukingo wa paa. Nguvu ya rezo unaweza kuiuliza: fungua mlango wa pili wa kle kwa programu ya minicom na uandike AT+CSQ. Jibu ni namba kati ya 0 na 31. Kubwa ni nzuri, na 99 maana yake kle haijui. Sogeza, uliza tena, sogeza. Ni kazi ya watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani, na makelele mengi.

Lakini ralonji isipite metre 5, na ikiwa ya bei rahisi hata 3 ni nyingi. Kle inakunywa umeme kupitia waya huo. Umeme ukipungua, kle inazimika na kuwaka upya peke yake, na Linux inaipokea kama kitu kipya: jana ilikuwa ttyUSB0, sasa ni ttyUSB3. Faili ya peers inaendelea kutafuta ttyUSB0 ambayo haiko tena. Dawa ni kuacha namba. Angalia ndani ya /dev/serial/by-id, utaona jina refu lenye chapa ya kle na mwisho wa mlango. Weka jina hilo lote katika mstari wa kwanza wa faili, na hata kle ikiwaka upya mara kumi, jina linabaki. Kumbuka tu kwamba ukinunua kle ya aina ingine, jina hilo sharti libadilishwe.

Kisha kuna tarehe. Mashini za zawadi nyingi betri yao ndogo ya ndani, ile ya duara yenye namba CR2032, imekwisha kufa. Umeme ukikatika, na sisi tunajua mara ngapi umeme unakatika Kindu, mashini inaamka ikiamini tuko miaka mingi nyuma. Intaneti inaungana, ping inajibu, lakini kila ukurasa wenye kufuli unakataa ukisema cheti si halali. Cheti kiko sawa, saa njo mbaya. Rekebisha kwa amri date, kisha nunua betri. Inauzwa na watu wa saa.

Kufuli hilo linaleta jambo lingine ambalo afazali tuliseme wazi. Linux ya zamani sana haitaweza kufungua kurasa nyingi hata saa ikiwa sawa. Tangu 2020 vivinjari vikubwa viliacha kanuni za zamani za kufunga mawasiliano, na tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichobeba mamilioni ya tovuti kilifika mwisho wake. Mashini isiyopata vyeti vipya ilifungiwa nje siku hiyo. Kama mashini yako inaweza kubeba Debian mpya zaidi isiyo na mapambo, iweke. Faili tulizoeleza hazibadiliki.

Mega

Kwa redio, intaneti ni feza, na feza ya redio ya jamii inahesabiwa kwa mia mia. Habari ya dakika 3 iliyohifadhiwa kama WAV ya kawaida ina mega karibu 32. Habari hiyohiyo kama MP3 ya kilobiti 64 ina mega 1 na nusu hivi, na kwa sauti ya mtu anayeongea hakuna msikilizaji wa redio atakayetofautisha. Kwa rezo ya pole ya kilobiti 40, MP3 inaenda kwa dakika 5 hivi. WAV inaomba saa 1 na dakika 45, na katikati mara moja itakatika. Geuza mbele ya kutuma. Kila mara.

Usiweke neno demand katika faili ya peers hata ukilisoma mahali. Linafanya mashini iungane peke yake kila programu inapoomba intaneti, na programu za leo zinaomba kila wakati: kivinjari kinatafuta toleo jipya, saa inatafuta saa, Debian inatafuta marekebisho. Redio ikilala na mega 500, inaamka na sufuri. Ni afazali mtu aungane kwa mkono, afanye kazi, atoke.

Kila mnapotoka, pppd inaandika katika daftari muda mliokaa na baiti zilizotumwa na zilizopokewa. Sisi tunanakili mistari hiyo kila Jumamosi katika kaye ya matumizi. Mara moja ilitusaidia kujua kwamba mega zilikuwa zinaliwa saa ya usiku na kijana wa ulinzi anayependa mpira. Hakufukuzwa, alipewa saa yake.

Kuna faida moja ndogo wengi hawaijui. Katika folda /etc/ppp/ip-up.d unaweza kuweka programu fupi itakayotembea yenyewe kila mnapoungana, kwa mfano kutuma habari zote zilizowekwa katika folda ya kutuma. Mwandishi anaweka MP3 yake fasi moja, na atakayeungana kwanza anatuma za wote. Angalia mambo mawili. Faili iwe na ruhusa ya kutembea, kwa amri chmod +x. Na jina lake lisiwe na nukta: ukiiita tuma.sh Debian inaipita bila kusema neno, ukiiita tuma inatembea. Mimi nilipoteza jioni mbili juu ya nukta hiyo.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitumie wvdial, ambayo iko na faili moja tu, /etc/wvdial.conf, na inajaza nusu ya mambo yenyewe. Mnaweza. Ni nzuri kwa mtu mwenye haraka, na chini yake iko inaita pppd ileile. Lakini inapokataa haisemi vizuri kwa nini, na anayejua wvdial peke yake anabaki anangojea fundi.

Faili zikikubali kufanya kazi, zikusanye zote kwa mara moja:

tar czf /media/flashi/ppp-redio.tgz /etc/ppp /etc/chatscripts

Weka jina la folda ya flashi yako pale penye flashi. Ndani ya kifurushi hicho muna pap-secrets, kwa hiyo flashi hiyo isiwe ile ya kuazimana kwa ajili ya nyimbo. Sisi tulichapisha pia zile faili mbili kwenye karatasi na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati ya studio. Jina la APN tuliliacha wazi na kuliandika kwa penseli.